Bilharzia: damu inaweza kusema mbele ya choo

Sisi tunaolima mpunga katika bonde la Ruzizi tunashinda miguu ndani ya maji. Konokono wadogo wa mufereji wanatoa vidudu vinavyopenya ngozi, kisha vinakuwa minyoo ndani ya mishipa ya damu, karibu na matumbo.

Wengi wanapima choo, wanaambiwa «hakuna kitu», wanarudi shambani. Kipimo cha choo kinatafuta mayai, na minyoo inakaa juma tano ao zaidi mbele ya kutaga. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili unatengeneza kupigana na minyoo. Kinaweza kuonyesha mapema, mbele mayai hayajaharibu ini.

Lakini askari hao wanabaki hata kisha kupona. Kama ulishakunywa dawa zamani, umwambie muganga. Tena, prazikanteli inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inabaki: uliza siku ya kurudia dawa.

Kipimo hiki hakiko katika kila kituo cha afya. Uliza kwenye hospitali kubwa. Na tusijisaidie kando ya mufereji: mayai ya choo chetu ndiyo yanaambukiza konokono.