Malisho Yaliyo Chini ya Maji

Mama anayemtumbua tafi jikoni hukuta tumbo lililojaa majani mabichi, akalitupa na kuendelea na kazi yake. Sisi huulizwa mara kwa mara juu ya uhalali wa samaki huyu na yule. Hatujaulizwa hata siku moja samaki huyo alikuwa akila wapi.

Alikuwa akila katika nyasi za bahari. Wengi wetu huzichanganya na mwani, ilhali mwani hauna mizizi ya kweli, bali hujishikiza tu juu ya jiwe. Nyasi hizi ni mimea kamili yenye mizizi, shina, maua na mbegu, na chavua yake hubebwa na maji badala ya nyuki. Pwani ya Kenya ina aina 12. Mojawapo iliyoenea sana, ambayo wataalamu huiita Thalassodendron ciliatum, huzaa mche unaokua ungali umeshikamana na mama yake, kama ufanyavyo mkoko, kisha ukajitenga na kwenda kutafuta pa kuota.

Humo ndimo pono na changu wachanga hujificha wasiliwe. Kaa, kamba na majongoo wa baharini hupita mchangani. Kasa huja kulisha humo, na nguva mkubwa, ambaye huweza kula hadi kilo 40 kwa siku, hana malisho mengine ya kutegemea. Nguva wa kwetu wamebaki wachache mno. Vijana wetu wanamjua kwa masimulizi ya wazee tu.

Juya la kukokota lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, lakini lingali likivutwa katika baadhi ya fuo. Hupita likiburura chini, likang'oa nyasi na kukusanya samaki wasiojaa hata kiganja. Hilo laonekana kwa macho. Lisiloonekana ni habari ya kikande. Samaki huyu hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao huwachoma miguu waendao mwambani kutafuta pweza. Kikande akivuliwa hata akaadimika, wenye miiba huzidi, nao huzitafuna nyasi mpaka mchanga ukabaki mtupu. Yameonekana hayo Diani. Tafi akirudi hapo, hana cha kula wala pa kujificha.

Hatumlaumu mama karanga anayekaanga visamaki hivyo vya juya jioni. Ndivyo anavyovimudu, na mteja wake ana shilingi chache na watoto wanaongoja. Lakini yeye mwenyewe ajua, kuliko sisi, kwamba zamani kikapu kilijaa tafi wa kushiba na bei haikuwa hii. Akina mama hawa hukaa ufuoni kila siku, nao hujua ni chombo gani kilichotumia juya na ni kipi kilichotumia dema au mshipi. Ni nadra kuwaona wakiitwa katika vikao vya wavuvi, jambo ambalo hatulioni kuwa la haki.

Huko Gazi, watafiti na wanakijiji wamejaribu kuzipanda upya nyasi hizi kwa mikono, maji yanapokupwa. Kazi hiyo ni ya polepole. Miche mingine huchukuliwa na mawimbi kabla haijashika, na uwanda ulioburuzwa kwa asubuhi moja huchukua miaka kadhaa kufunikwa tena.