Mapito, njia na alama: kutoka kifaa cha GPS hadi ramani ya kompyuta

Mashua inayovuka kutoka Mkokotoni, kaskazini-magharibi mwa Unguja, kwenda Jongowe katika kisiwa cha Tumbatu haifuati mstari mnyoofu. Nahodha hukwepa miamba na mafungu, na mahali panapopitika maji yakijaa huenda pasipitike yakipwa. Abiria aliyebeba kifaa cha GPS kilichowashwa hufika ng'ambo akiwa na kumbukumbu ya kila kona iliyokatwa. Kumbukumbu hiyo ni mapito. Mfasiri anayeiita njia hutenda kosa ambalo hudhihirika pale tu inapofunguliwa kwenye kompyuta.

Vifaa vingi huweza kutoa safari katika faili la GPX, muundo uliotolewa mwaka 2002. Ndani yake vimetengwa vitu vitatu: trk, mfululizo wa nukta za mahali kifaa kilipopita kwa hakika, rte, mpango wa mahali pa kupita, ambao pengine haujafuatwa na mtu yeyote, na wpt, nukta moja iliyowekwa kwa kusudi, kama vile gati au mwamba. Cha kwanza ni mapito, cha pili njia, cha tatu alama. Wapo wanaopendelea kituo kwa hicho cha mwisho. Neno hilo lingefaa kwa daladala, lakini mwamba hauwekewi alama ili watu wasimame juu yake. Mapito nalo lina kivuli chake, kwa kuwa Wakristo hulitumia sana kwa maana ya majaribu ya maisha. Hata hivyo, maana ya msingi haipotei katika muktadha wa ramani.

Tofauti hii hupata uzito katika QGIS, programu huria ya ramani. Ikipewa faili la GPX, hutofautisha tabaka tano: alama, njia, mapito, nukta za njia na nukta za mapito. Mwongozo ulioandika njia kila mahali humwacha mwanafunzi akibahatisha, naye akikosea huchora juu ya miamba mstari ulionyooka ambao hakuna chombo kilichoupita.

Kitenzi kinachozoeleka kwa kazi hii ni kuhamisha. Kinapotosha kidogo. Kifaa kikiunganishwa kwa waya wa USB, mara nyingi huonekana kama diski, na faili huchukuliwa kutoka folda ya GPX. Asili hubaki ilipokuwa. Hapo kunakili ni sahihi zaidi, maana kilichohamishwa hakipo tena kilipotoka. Kuhifadhi pia kunahitaji uangalifu. Baadhi ya vifaa vya zamani vya Garmin, vilipohifadhi mapito katika kumbukumbu, vilipunguza idadi ya nukta na kufuta saa zake. Kwa vifaa hivyo, mwongozo unapaswa kuagiza mapito yanakiliwe kabla ya kuhifadhiwa, agizo ambalo halina maana iwapo vitenzi hivyo viwili vimefasiriwa kwa neno moja.

Kuhusu viwianishi, Mkokotoni ipo takriban latitudo -5.87 na longitudo 39.25. Alama ya kutoa ikidondoka, mapito huangukia kusini mwa Ethiopia. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, huangukia magharibi mwa Hispania. Kosa la namna hiyo hujitangaza lenyewe.

Kosa la saa halijitangazi. GPX huandika muda wa UTC, ambao uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nukta iliyoandikwa 03:00Z ilirekodiwa Mkokotoni saa 12 asubuhi. Mfasiri akiandika saa tatu asubuhi, msomaji ataelewa 09:00, na ramani itaonekana sawa kabisa. Lakini katika muda huo maji yaliyokuwa yamejaa huwa yamefika katikati ya kupwa, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja huzidi mita 3. Mahali ambapo mapito yanaonyesha chombo kikielea salama huenda, kwa saa iliyoandikwa, ni fungu lililo wazi.