Siku tatu Bruxelles: mtu wa Musonoi aone nini, aache nini, ale nini

MUSONOI, Lualaba – Katika cité ya Musonoi, pembeni ya Kolwezi, safari ya mtu mmoja kwenda Ulaya ni mzigo wa familia nzima. Mama mkubwa anachanga, yaya aliye Lubumbashi anachanga, hata jirani anaongeza kidogo. Anayepanda ndege ni mmoja tu: mwanafunzi, mfanyabiashara, au mama anayekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Akimaliza kilichompeleka, mara nyingi anabakiwa na siku mbili au tatu za kutembea mji kabla ya kurudi.

Kwa Wakongo wengi mji huo ni Bruxelles. Vitabu vya watalii vitamwambia aanze na sanamu ya mtoto anayekojoa na amalize na chokoleti. Lakini mtu anayetoka kwenye ardhi ya shaba ana mambo yake ya kuona kule, na mengi kati ya hayo hayalipiwi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ndiyo iliyochimba shaba ya Kolwezi na kujenga cité za wafanyakazi wake, mpaka serikali ya Mobutu ilipochukua mali zake tarehe 1 Januari 1967 na kuzaliwa kampuni tunayoiita leo Gécamines. Kampuni mama ilibaki Ubelgiji. Tangu 2001 inaitwa Umicore, na makao yake makuu yako Bruxelles.

Kabla ya kupanda ndege

Tuanze na feza. Tangu Juni 2024, kuomba viza ya Schengen ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto wa chini ya hapo halipi. Dosie ikikataliwa, feza hiyo hairudi. Lazima pia uwe na bima ya safari inayofikia angalau euro 30 000 kwa matibabu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Viza hiyo haikupi zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Mtu akikuomba dola akisema viza yako ni ya uhakika, jua kwamba uamuzi hauko mikononi mwake.

Angalia pia jina la uwanja wa ndege kwenye tiketi. Uwanja mkubwa uko Zaventem, na treni inafika katikati ya mji kwa dakika 20 hivi. Uwanja unaoitwa Brussels South uko Charleroi, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Tiketi ya huko inaweza kuonekana rahisi, lakini ongeza bei ya basi kabla ya kufurahi.

Ndani ya mji, tiketi za kampuni ya STIB zinatumika kwenye metro, tramu na basi. Usitegemee kulipa kwa noti ndani ya tramu. Nunua tiketi kwenye mashine za vituo vya metro, au lipa kwa karata ya benki.

Cha kuona

Siku ya kwanza shukia kituo cha metro cha Porte de Namur. Hapo ndipo mlango wa Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Utasikia Lingala kabla ya kusikia Kifaransa, na Kiswahili hakikosekani. Maduka ya vitambaa, saluni za kusuka nywele, samaki wa chumvi, unga wa bukari: vyote viko. Pembeni kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 17 Januari 1961. Jino lake, lililokuwa limechukuliwa na polisi Mbelgiji, lilirudishwa kwa familia yake mjini Bruxelles mwezi Juni 2022.

Kutoka hapo tembea kwa miguu, dakika kumi hivi, mpaka Place du Trône, nyuma ya jumba la mfalme. Utamkuta Léopold II juu ya farasi, sanamu kubwa ya mwaka 1926. Ndiye aliyeshika Kongo kama mali yake binafsi tangu 1885 hadi 1908. Mwezi Juni 2020 waandamanaji walimmwagia rangi nyekundu. Watalii wengi wanapiga picha ya farasi na kuondoka. Wewe tafuta maandishi ya Kifaransa yaliyo kwenye msingi wa sanamu. Yanaeleza kwamba shaba na bati ya sanamu hiyo vilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba Union Minière ilivitoa bure. Kwa maneno mengine, mfalme huyo na farasi wake ni shaba ya kwetu, na zawadi ilitolewa na kampuni ile ile iliyokuwa ikiwaamsha babu zetu kwenda kazini.

Siku ya pili itoe yote kwa Tervuren. Panda metro mpaka Montgomery, kisha tramu namba 44 mpaka mwisho wa njia. Sehemu kubwa ya safari inapita msituni. Jumba la makumbusho ya Afrika, AfricaMuseum, lilifunguliwa 1910 na likafunguliwa tena Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya kazi. Siku ya Jumatatu linafungwa.

Ndani kuna mambo matatu usiyakose. La kwanza ni ukumbi wenye majina 1 508 ya Wabelgiji waliofia Kongo wakati wa Léopold, ambao hauna jina hata moja la Mkongo aliyekufa wakati huo. Msanii wetu Freddy Tsimba aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba, na jua likiwaka vivuli vya majina hayo vinaangukia ukuta wa Wabelgiji. Saba hao ni kati ya watu 267 waliopelekwa Tervuren mwaka 1897 kuonyeshwa kwa umma. Walikufa huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo. Ukipata muda, nenda ukasimame hapo kidogo.

La pili ni kichwa kikubwa cha mbao cha msanii Aimé Mpane, kilichowekwa kwenye ukumbi uliojengwa kwa sifa ya ukoloni.

La tatu ni chumba cha madini. Watu wachache wa hapa wanajua kwamba jina la Musonoi limo kwenye vitabu vya jiolojia vya dunia nzima. Madini kadhaa adimu yalitambuliwa kwa mara ya kwanza kutoka karieri yetu, kama vile guilleminite, demesmaekerite na derriksite, katika miaka ya 1960 na 1970. Demesmaeker na Derriks walikuwa watu wa Union Minière. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lenye jina la mchimbaji.

Siku ya tatu nenda Grand-Place, mchana na tena usiku taa zikiwaka. Nyumba zake nyingi zilijengwa upya baada ya mizinga ya Wafaransa kuuharibu mji mwaka 1695, na UNESCO iliuweka uwanja huo kwenye urithi wa dunia mwaka 1998. Kusimama hapo ni bure.

Cha kuacha

Mtoto anayekojoa, Manneken Pis, ana urefu wa sentimita 55 hivi, na aliye barabarani ni nakala. Ukipita njia hiyo mtazame, lakini usimpangie saa.

Atomium, ile mipira tisa ya chuma yenye urefu wa mita 102, inapendeza ukiitazama toka nje. Kuingia kunalipiwa. Ilijengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1958, yale ambayo Wakongo waliwekwa tena kwenye kijiji cha kutazamwa, wengine wakakataa na kurudi nyumbani.

Migahawa ya Rue des Bouchers, yenye vijana wanaokuvuta mkono mlangoni, iache. Soma bei kabla ya kukaa, na uliza kama maji yanalipiwa, kwa sababu mara nyingi yanalipiwa.

Cha kula

Frites ndicho chakula cha wote, tajiri na maskini. Viazi vinakaangwa mara mbili, na kwa desturi ni kwenye mafuta ya ng'ombe, basi asiyekula mafuta ya mnyama aulize kwanza. Maison Antoine, pale Place Jourdan, wanauza frites tangu 1948. Pakiti moja na mayonezi inaweza kuwa chakula chako cha mchana.

Ukitaka nyama, omba carbonnade, ng'ombe aliyepikwa polepole kwenye bia. Gaufre ziko za aina mbili: ya Bruxelles ni nyepesi na ya mstatili, ya Liège ni nzito na ina vipande vya sukari ndani. Kula bila kuongeza krimu na matunda, maana hivyo ndivyo vinavyopandisha bei.

Jioni ya mwisho rudi Matonge kwa sombe, samaki na bukari. Huko pia utapata habari zote za diaspora bila kulipa kitu.

Na kabla ya kuondoka, piga picha safi ya yale maandishi ya Place du Trône, herufi zisomeke vizuri. Ukifika Kolwezi uwape walimu wa historia. Watoto wa Musonoi wanaisikia milipuko ya karieri tangu kuzaliwa, na wana haki ya kuona shaba ya ardhi hii ilikoishia.