Watoto wa Kilima Tajiri

Msomaji akitajiwa Marekani, aghalabu kinachomjia akilini ni majumba marefu ya New York, barabara pana zisizo na shimo, na vijana wasiojua njaa ni nini. Picha hiyo si ya uongo, ila ni pungufu. Wiki hii tumeonelea tuizungumzie filamu moja ya hali halisi inayoonesha Marekani nyingine, ile ambayo Wamarekani wenyewe huipita kwa gari bila kupunguza mwendo.

Filamu hiyo yaitwa Rich Hill, nalo ndilo jina la mji mdogo ulioko magharibi ya jimbo la Missouri, mwendo wa saa moja na zaidi kusini ya Kansas City. Waliyoitengeneza ni mabinamu wawili, Tracy Droz Tragos na Andrew Droz Palermo, na mwezi wa Januari mwaka 2014 ilitunukiwa tuzo kuu ya majaji kwa filamu za hali halisi za Kimarekani katika tamasha la Sundance. Maana ya jina la mji ni "kilima tajiri", na hapo zamani halikuwa jina la kejeli. Mji uliasisiwa mwaka 1880 juu ya ardhi yenye makaa ya mawe, ukajaa watu upesi kama ijazavyo miji ya machimbo. Makaa yalipoacha kuleta faida, waliokuwa na pa kwenda wakaenda. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta wakazi wasiotimia 1,400.

Watengenezaji hawakuufikia mji huo kama wageni, kwa kuwa babu na bibi yao waliishi hapo, nao wenyewe walipitisha hapo siku nyingi za utoto. Tunalitaja hili makusudi. Mtu hafunguliwi mlango wa chumba cha kulala cha maskini kwa kuwa na kamera tu. Hufunguliwa kwa sababu aliyemo ndani anamjua ni mjukuu wa nani.

Filamu haina msimulizi wala mtaalamu wa kuketi mbele ya rafu za vitabu na kutueleza sababu za umaskini. Kuna vijana watatu tu, wote wavulana waliokuwa baina ya miaka kumi na miwili na kumi na mitano, na wazazi na walezi wao. Majina yao yamo katika filamu, nasi hatuna haja ya kuyachapa hapa.

Wa kwanza ni kijana mchangamfu, mcheza futiboli ya Kimarekani, mwenye kumpenda baba yake mapenzi ya wazi kabisa. Baba huyo hufanya vibarua vya hapa na pale, naye ana ndoto nyingi kuliko kazi. Mama ni mgonjwa, muda mrefu yuko kitandani. Maji ya kuoga hupashwa moto kwa vyombo vya jikoni, kidogo kidogo. Lakini lililotushughulisha zaidi ya maji hayo ni kuhama. Familia ile huhama, ikahama tena, kila mara kwa matumaini kwamba mji ufuatao utakuwa na kazi, na kila mara mtoto huacha shule, marafiki na timu. Watu wengi hudhani kwamba ufukara ni kukosa vitu. Mtoto huyu anatufahamisha kuwa ni kukosa pia mahali pa kusimama muda wa kutosha hata vitu vipate kukufikia. Tulijikuta tukimkasirikia baba yake, kisha tukaona aibu, kwani mwanawe mwenyewe hamkasirikii. Kijana anasema kwa kauli iliyo wazi kwamba wao si takataka, ni watu wema.

Kijana huyu husali. Si wa dini yetu, lakini maneno yake yalitusimamisha. Anasema humwomba Mungu, na hudhani kwamba Mungu ana shughuli na watu wengine, ila anatumaini siku moja atafikiwa na yeye, na asipofikiwa moyo wake utavunjika. Wanazuoni wetu wameandika majuzuu juu ya hofu na matarajio, na namna ambavyo moyo wa mja huruka kwa mbawa hizo mbili. Mtoto huyu, ambaye hakuketi mbele ya mwalimu yeyote wa elimu hiyo, anaieleza kwa sentensi chache akiwa katika nyumba isiyo yake. Hatukusikia ndani yake sauti ya mwenye kudai. Tulisikia adabu ya mtu aliyepanga foleni na anayeona kuwa walio mbele yake wana shida kubwa kuliko yake.

Wa pili ni mdogo kuliko wote, na ni mwenye hasira. Anawasha sigara kwa tosta ya kuchomea mikate. Tunakubali kwamba tulipoiona picha ile tulikuwa tayari kumhukumu. Kisha mama yake, anayeishi na kundi la watoto katika nyumba isiyo na nafasi, anaeleza kwamba alitoka kwa mama yake akaingia moja kwa moja katika ndoa na ulezi, bila kupata wakati wa kutamani chochote kwa ajili ya nafsi yake. Kijana anapenda kuchora, na anasema angetaka kwenda China kufundisha sanaa. Kabla filamu haijamalizika, mahakama imempeleka katika kizuizi cha watoto.

Ama wa tatu, analelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake yuko gerezani. Yapo mazungumzo marefu baina ya kijana huyu na mkuu wa shule, kijana akisema anaumwa na ataka kwenda nyumbani, mkuu akimhesabia siku alizokosa na kumbembeleza abaki walau siku hiyo moja. Hakuna anayepaza sauti. Mkuu wa shule anafanya kazi yake, na kijana naye hasemi uongo, ingawa maumivu yake hayako mahali anapopataja.

Sababu ya mama kufungwa kijana anaieleza mwenyewe mbele ya kamera. Sisi hatutaieleza. Na hapa ndipo tunapotofautiana na watengenezaji, pamoja na heshima tuliyonayo kwao. Twajua hoja yao itakuwaje: bila ya kulijua jambo lile, mtazamaji angemwona mama kuwa mhalifu tu na mtoto kuwa mtoro tu. Ni hoja nzito, nasi wenyewe tuliyaelewa mazungumzo yale ya shuleni baada ya kulijua. Lakini kijana alikuwa na miaka kumi na mitano. Mtoto wa umri huo huweza kukubali kwa ulimi, na mlezi akatia saini, ilhali hakuna kati yao anayeweza kupima uzito wa siri iliyotoka nje na isiyoweza kurudi. Kusitiri, kwa jinsi tulivyofundishwa, si kuficha dhuluma. Mwenye kudhulumu hafichwi. Kinachositiriwa ni jeraha la aliyedhulumiwa, mpaka yeye mwenyewe awe na umri wa kuchagua amwoneshe nani.

Wapo waliouliza kama filamu nzima si biashara ya huzuni za watu, iliyopambwa kwa picha nzuri. Hatudhani hivyo. Palermo aliyeshika kamera anapenda mwanga wa jioni, na pengine anaupenda kupita kiasi, lakini mtu hapambi anachokidharau. Sherehe za tarehe 4 Julai, zenye maandamano, mnada wa mapai na fataki, zimepigwa picha kwa upole. Maskini na wasio maskini wa mji ule wanatazama mbingu moja kwa pamoja, na kamera haimcheki yeyote kati yao.

Vijana wale watatu leo ni wanaume waliovuka miaka ishirini na mitano. Filamu bado ipo na yaweza kutazamwa. Bosi mpya, mchumba, jirani aliyehamia juzi, kila mmoja aweza kuketi kwa saa moja na nusu akautazama mwaka mgumu wa utoto wao kabla hajawasalimu.