Kipimo cha Mwigizaji: Amandina Lihamba na Jukwaa Ambalo Same Inalihitaji

Mwigizaji wa Kitanzania husifiwa kwa wingi wa filamu zake na ukubwa wa umati unaomfuata. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu walijaa viwanja vya Leaders jijini Dar es Salaam kumuaga. Mapenzi yale yalimstahili, maana aliipandisha hadhi filamu ya Kiswahili. Hata hivyo, kipimo hicho peke yake kinamwacha pembeni mwanamke ambaye, kwa maoni yangu, ameifanyia sanaa ya uigizaji nchini kazi kubwa kuliko wengi wa nyota tunaowashangilia: Profesa Amandina Lihamba. Filamu zake ni chache. Lakini ukubwa wa mwigizaji huonekana pia kwa watu wanaothubutu kusema kwa sababu yake, na kwa kipimo hicho wilaya ya Same ina sababu ya pekee ya kumfahamu.

Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, alikomaa kisanaa katika miaka ambayo Azimio la Arusha la 1967 liliwadai wasanii waseme na wananchi kwa lugha yao. Aliigiza, akaandika, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1980 alitoa tamthilia ya Hawala ya Fedha, akiichukua hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal kuhusu mnyonge anayepokea hawala, kisha urasimu ukamzungusha hadi fedha ikamponyoka. Miaka miwili baadaye yeye na waandishi wenzake, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, walichapisha Harakati za Ukombozi. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho nchini baada ya Azimio. Mwaka huohuo ilitoka sinema ya Arusi ya Mariamu, inayotazama mvutano kati ya hospitali na mganga wa jadi, naye akiwa miongoni mwa waigizaji wake.

Uhusika wake unaokumbukwa zaidi ni wa Samehe katika Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Samehe ni mgonjwa aliyefungwa na kimya kwa miaka mingi baada ya machungu ya utotoni. Mwigizaji aliyenyimwa maneno hana pa kujificha: shingo, mabega na macho ndiyo yanayobeba hadithi, na mtazamaji lazima aamini kwamba nyuma ya uso ule kuna mtu mzima mwenye jambo la kusema. Aliyeweza kuuigiza ukimya namna hiyo alikuwa ameuchunguza kwa miaka, na uchunguzi huo aliufanya nje ya kamera.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lihamba na wenzake wa chuo kikuu walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakayatafuta matatizo yao pamoja na kuyatengenezea maigizo na ngoma. Mwaka 1996 yeye na Penina Mlama, ndiye yule Muhando, walianzisha Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Wanafunzi hutaja kinachowakwamisha shuleni, hutafuta chanzo chake, hukigeuza kuwa igizo, wimbo au ngoma, kisha hulionyesha mbele ya walimu, wazazi na viongozi. Onyesho likiisha, mjadala unaanza. Baadaye FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika.

Upare, ambako Same ipo, una historia inayoifanya kazi hii isiwe ngeni. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani hadi bomani Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, wakakaa huko kwa utulivu na mpangilio, kama mwanahistoria Profesa Isaria Kimambo alivyoandika. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi, ambayo leo iko wilaya ya Mwanga, nao wakaandamana na kuwakabili watawala. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa. Watu wale walielewa kwamba kukusanyika mahali pamoja, mbele ya macho ya mtawala, ni kauli isiyopuuzika. Jukwaa la Tuseme linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Wapo watakaosema Lihamba ni msomi zaidi kuliko mwigizaji. Ningekubali kama usomi wake ungekaa maktaba; lakini utafiti wake ulirudi jukwaani kila mara. Wengine watasema maigizo ya maendeleo ni mahubiri ya wafadhili, nayo hufa fedha inapokwisha. Hoja hii ina uzito, na maigizo mengi yaliyoandikwa ofisini na kuletwa kijijini yameistahili. Tofauti iko kwa mtunzi: igizo lililotungwa na wanafunzi wenyewe halihitaji gari wala mtaalamu wa posho, linahitaji mwalimu mmoja anayejali na nafasi kwenye ratiba. Pingamizi zito zaidi ni la adabu, kwamba binti hapaswi kuwasema wakubwa hadharani. Hapa ndipo sanaa inaposaidia. Anayesema jukwaani ni mhusika, mkubwa anausikia ukweli bila kuvunjiwa heshima, na binti anausema bila kunyooshewa kidole.

Basi Same ianze na kilichopo. Shule za sekondari za Chome, Mamba au Gonja hazihitaji ukumbi; uwanja wa shule na siku ya mkutano wa wazazi vinatosha kwa onyesho moja kila muhula. Halmashauri iwape walimu mafunzo mafupi, na diwani na mtendaji wa kata wakae mstari wa mbele, wasikilize hadi mwisho na wajibu. Tukifanya hivyo tutakuwa tumemuenzi Lihamba kwa namna inayolingana na kazi yake, na tutakuwa tumewapa mabinti wa milimani haki ambayo babu na bibi zao waliidai bomani: kusikilizwa na wenye uamuzi.