Chumba Kisichodanganyika

Watu wakisikia filamu ya sayansi bunilizi hutarajia roketi, roboti na vita vya anga. Stalker, filamu ya Andrei Tarkovsky iliyotoka mwaka 1979 katika Umoja wa Kisovieti, haina hata kimoja. Kwa zaidi ya saa mbili na nusu tunawafuata wanaume watatu wanaopita kwenye nyasi ndefu na magofu yaliyojaa maji. Mimi ni katekista, nafundisha vijana kusali, na sijaona filamu nyingine inayoieleza sala kwa undani kama hii.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kuna Eneo linalolindwa na askari, na ndani yake mna Chumba kinachompa kila aingiaye haja ya moyo wake. Stalker ni maskini anayewavusha watu kwa siri. Safari hii anawaongoza Mwandishi aliyekaukiwa na kipaji na Profesa wa fizikia. Anatupa nati iliyofungwa kitambaa, wanaifuata, kisha anatupa nyingine. Njia ya mkato humo ni hatari. Katika riwaya iliyozaa filamu hii, ya ndugu wawili Arkady na Boris Strugatsky, matakwa yanatimizwa na tufe la dhahabu. Filamu ililiondoa tufe, ikaweka chumba kitupu. Dhahabu ingewapa wasafiri kitu cha kutazama, lakini chumba kitupu kinawaachia nafsi zao tu.

Dola ya Kisovieti ilihimiza watu wamkane Mungu, na Tarkovsky alikwisha kuonja matokeo yake. Andrei Rublev, filamu yake kuhusu mtawa mchoraji wa picha takatifu, ilikamilika mwaka 1966 lakini wananchi hawakuonyeshwa hadi 1971. Hata hivyo, Stalker imejaa dini. Kamera inapita taratibu juu ya maji ya kina kifupi, na chini yake tunaona sarafu, bomba la sindano na picha ya Yohana Mbatizaji kutoka altare maarufu ya Ghent, Ubelgiji. Mwandishi anajivika taji lifananalo na la miiba. Wakati wa mapumziko, Stalker ananong'ona habari za wanafunzi wa Emau bila kulitaja jina la Yesu. Aliyeisoma Injili ya Luka anaelewa mara moja: hawa nao ni wasafiri wawili ambao macho yao hayajafumbuliwa. Kwingineko anawaombea wenzake kwa hekima ya Laozi wa China, kwamba kilicho hai ni laini na ugumu ni dalili ya kifo.

Alama hizi zote zinatuelekeza kwa Nungunungu, mwalimu wa Stalker. Ndugu yake alikufa ndani ya Eneo, naye akaenda Chumbani kuomba arudishiwe. Aliporudi nyumbani alikuta utajiri, ndugu hakurudi. Baada ya wiki moja akajinyonga. Chumba kilikuwa kimempa kile alichokitaka kuliko vyote, ambacho hata yeye hakukijua.

Mwandishi analielewa hilo na kukataa kuingia. Profesa alibeba bomu akilipue Chumba kabla waovu hawajakitumia. Mwishowe analifungua vipande na kuvitupa majini. Wanaketi mlangoni, mvua inanyesha ndani, na hakuna anayeingia. Vijana wangu huniuliza kwa nini maombi mengine hayajibiwi. Kwa sababu ya filamu hii, nami huwauliza kama wako tayari kupewa wanachokitaka kweli.

Stalker anarudi nyumbani akilalamika kwamba hakuna anayeamini tena. Mkewe anamlaza na kujitolea kwenda naye Chumbani. Anamkatalia, kwa hofu kwamba hata kwa mkewe haitafaa kitu. Kisha mwanamke huyo anatugeukia sisi watazamaji. Alionywa na mama yake, alijua atapata taabu, akaolewa, na hajajuta. Binti yao hawezi kutembea, na mume amewahi kufungwa. Kwangu mimi, muumini ambaye Stalker anamtafuta mbali, nyuma ya bunduki za askari, yuko nyumbani kwake. Mwanamke huyu hana haja ya Chumba, kwa kuwa anachokitaka na anachokiishi kila siku ni kitu kimoja.