Lamu ina vyuo, lakini nani atavisoma?

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, chuo ni kitabu. Chuo pia ni pale watoto wanaposomeshwa Qur'ani, na siku hizi tunasema chuo kikuu. Msomi tunamwita mwanachuoni. Neno hilo moja latosha kuueleza mji wa Lamu, ambao ulikuwa mji wa elimu kabla ya kusikia habari za digrii.

Ushahidi upo. Pate ndiko ulikotungwa Utendi wa Tambuka, mwaka 1728. Siyu ilisifika kwa mafundi wa kunakili na kujalidi misahafu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, kwa hivyo elimu haikuwa ya wanaume peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, alianzisha msikiti na chuo cha Riyadha, na wanafunzi wakaja kutoka pande nyingi za pwani. Mpaka leo Maulidi ya mfungo sita huujaza mji wageni.

Tenzi hizo za kale ziliandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Hapa, ndugu msomaji, pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kiarabu kina alama tatu za irabu na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hivyo waandishi wengi wa kale walitumia alama moja kwa i na e, na alama moja kwa u na o. Herufi ya be nayo ilibeba sauti ya b, ya p na hata ya mb. Basi "baba" na "papa" yaweza kuandikwa sawasawa.

Msomaji aliwezaje kutofautisha? Kwa kuijua lugha, kwa kufuata vina na mizani, na zaidi kwa kuwa alimsikia mwalimu wake akisoma. Karatasi ilikuwa nusu ya elimu. Nusu ya pili ilikuwa kifuani mwa mtu.

Mombasa walilijua hilo. Muyaka bin Haji alipofariki, mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Leo makaratasi ya Taylor yako London. Lau si Mwalimu Sikujua, yangekuwa na nini cha kutwambia?

Na sisi wa leo? Miswada ya Riyadha, ambayo mingi ni ya Kiarabu, imepigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na mtu aweza kuitazama kwenye intaneti. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini picha huokoa karatasi, haiokoi usomaji. Kwa miaka mingi watafiti walimwendea Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, awafafanulie tenzi za kale. Alifariki mwaka 2017, na mwalimu wa namna ile hapigwi picha akahifadhiwa.

Ajabu ni kwamba watoto wetu wana vifaa vyote viwili. Madrasa inawafundisha alifu na be kwa ajili ya Qur'ani. Skuli inawafundisha Kiswahili kwa herufi za Kizungu. Masomo hayo mawili hayakutanishwi. Mtoto husoma Yasini asubuhi na insha ya Kiswahili mchana, lakini ukimpa utenzi ulioandikwa na nyanya yake, hawezi kuusoma.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Nusu saa kwa wiki yatosha: mwalimu wa madrasa achukue beti chache za utenzi kwa herufi za Kiarabu, asome, watoto wamfuate. Na sisi wenye makasha majumbani tuyafungue kabla mchwa na unyevu wa bahari havijatutangulia. Kilichomo tusikiuze kwa mpita njia wala tusikitupe kwa kuwa hatukifahamu. Tukipeleke kwa mzee anayejua kusoma, tumsikilize, tumrekodi kwa simu, na mtoto awe amekaa kando yake.

Wazee hao bado wapo. Tuwaendee sasa.